Cristy C. Road: alijificha nyumbani akajichapisha kwa watu wa mbali

Mwaka 1994 kuna binti wa miaka 12 pale Miami, Florida, familia yake Wakuba, Wakatoliki, na moyoni ana jambo ambalo hawezi kulitamka mbele ya mtu yeyote wa nyumbani, kwamba anavutiwa na wasichana wenzake. Mwaka huohuo vijana watatu wa California, Green Day, wanatoa albamu yao ya Dookie na ghafla wako kila kona, redioni, kwenye televisheni za muziki, kwenye kuta za vyumba vya watoto wa shule. Huyu binti anaiangukia ile bendi mzimamzima. Baadae, akiwa sekondari, anaanza kuandika na kuchora kijarida chake mwenyewe kuihusu, anatoa fotokopi, anapiga pini, anatuma kwa posta. Anakiita Greenzine, hiyo green ni ya Green Day, hakuna fumbo hapo. Ndo huyo Cristy C. Road, mchoraji wa vitabu vya picha na mwanamuziki wa panki, ule muziki wa gitaa wa haraka na makelele, aliyeendelea na kile kijarida kwa karibu miaka kumi mpaka kikawa kitu kingine kabisa.

Kisa ninachotaka kukichambua ni hicho tu, safari ya kijarida kimoja kutoka kwenye bendi mpaka kwenye ngozi ya mwenye nacho. Wengi wakimwelezea Road wanapanga kama ngazi, alianza na vijarida vya fotokopi, akakua, akapata wachapishaji, akatoa vitabu. Mimi nimemsoma muda mrefu na naona huo mpangilio unaficha jambo kubwa zaidi. Kujichapisha kulimpa uwezo wa kuchagua nani ajue kwanza. Alianza na wa mbali, wa karibu wakabaki kwa baadae, na nikitafuta neno la Kiswahili la hicho alichokua anafanya silipati lingine zaidi ya stara.

Ila stara huwezi kuielewa bila kujua alikua anajisitiri na nini, kwa hiyo tukae Miami kidogo.

Wakuba wa Miami sio wahamiaji wa kutafuta kazi peke yake, ni watu waliobeba nchi nzima mgongoni. Wimbi la kwanza lilitoka baada ya mapinduzi ya 1959, halafu zikaja zile ndege za kuwatoa Wakuba za 1965 mpaka 1973, halafu Mariel, bandari ya huko Kuba, mwaka 1980, ambapo ndani ya miezi michache watu kama 125,000 walivuka bahari kwa mashua kuja Florida. Jamii kama hiyo inashika mila kwa mikono miwili maana kila ikiachia kidogo inahisi inaipoteza nchi mara ya pili. Lugha, chakula, kanisa, Bikira wa Caridad del Cobre, yaani Bikira Maria mlinzi wa Kuba, heshima ya wazee, na msichana anatakiwa awe msichana wa namna inayojulikana. Na kuhusu hili jambo lake binti hakua na pa kukimbilia, maana hata kule Kuba kwenyewe serikali ya mapinduzi ilishawapeleka wanaume mashoga kwenye kambi za kazi za lazima, zile zinazojulikana kama UMAP, kati ya 1965 na 1968, na kwenye Mariel hiyohiyo mashoga walikua kwenye kundi la watu ambao serikali ilifurahi waondoke. Kwa hiyo ukirudi nyuma kwenu wamekukataa, ukibaki ulipo nako ndo hivo.

Ulipo napo palikuaje? Mwaka 1977 serikali ya kaunti ya Dade, ambayo Miami imo ndani yake, ilipitisha sheria ndogo ya kuzuia watu wasibaguliwe kwenye kazi na nyumba kwa sababu ya nani wanampenda. Mwimbaji maarufu wakati huo, Anita Bryant, akaongoza kampeni ya kuipinga, na mwezi Juni mwaka huohuo wapiga kura wakaifuta kwa tofauti kubwa sana. Ilikuja kurudishwa Desemba 1998. Hesabu mwenyewe, Road kazaliwa 1982, amekulia mtaani ambako mpaka anafika miaka 16 hakukua na sheria ya mji wake inayomlinda asifukuzwe kazi au nyumba kwa jambo hilo. Nayasema haya kwa sababu kuna watu wakisikia Marekani wanadhani kila kitu kilikua wazi tangu zamani, na wanamwona mtoto aliyejificha kama mwoga. Hakua mwoga, alikua anasoma mazingira.

Sasa ije fotokopi.

Hapa naomba niongee kama mtu aliyefanya kazi, maana nilikaa miaka miwili kwenye duka la stationery karibu na chuo kimoja Dar nikitoa kopi kuanzia asubuhi mpaka usiku. Kuna aina ya mteja nilijifunza kumjua kabla hajafungua mdomo. Anakuja jioni foleni ikiwa imeisha, karatasi kazikunja, hakupi mkononi, anataka aweke mwenyewe kwenye kioo cha mashine, na zikianza kutoka anasimama karibu anazifunika kwa kiganja. Anajua kwamba mtoa kopi ndo msomaji wa kwanza. Mimi nilikua nageuka naangalia barabarani mpaka amalize. Nilipokuja kusoma habari za hawa watu wa vijarida vya panki nilikumbuka vile viganja, nikaelewa kwamba kuchapisha kwa mashine ya kopi tayari ni kitendo cha ujasiri, hata kama ni nakala 30, kwa sababu maneno yametoka kwenye daftari yakaanza kuzaliana.

Na kazi yenyewe ina akili zake. Marekani hawatumii A4, wana karatasi yao ya inchi 8.5 kwa 11, ukiikunja katikati unapata kijitabu cha inchi 5.5 kwa 8.5 na karatasi moja inakupa kurasa 4. Ukitaka kijarida cha kurasa 16 unahitaji karatasi 4, na mpangilio unachanganya, ukurasa wa 1 unakaa pamoja na wa 16, wa 2 na wa 15, wa 3 na wa 14, siri yake ni kwamba kila jozi ukijumlisha lazima ipatikane 17. Ukikosea jozi moja umeharibu kundi zima. Halafu stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, ama utafute yenye mkono mrefu, ama uifungue, uweke boksi chini, ugonge pini ipenye kwenye boksi, kisha uikunje miguu kwa kidole. Vidole vinauma. Nakala 100 ni usiku mzima.

Mashine pia inaamua mchoro uweje, hili watu hawalisemi vya kutosha. Mashine ya kopi ya enzi hizo haijui rangi ya kijivu, penseli inapotea, kivuli laini kinageuka madoa, na pembeni inaacha ukingo mweupe hata ufanyeje. Kwa hiyo mchoraji wa vijarida anajifunza kuchora kwa wino mweusi kwelikweli, mistari minene, kivuli anakitengeneza kwa mistari midogo mingi inayokatana au nukta. Angalia kazi za Road za baadae, hata zile zenye rangi, mistari ile minene imebaki, nywele zimechorwa uzi kwa uzi, jasho tone kwa tone. Mkono wake ulifundwa na mashine ya bei rahisi na haukusahau.

Sasa turudi kwenye ule msambazo wa posta, hapo ndo kisa chenyewe kilipo. Vijarida hivi havikua vinauzwa dukani, au vichache sana. Kulikua na majarida makubwa kidogo ya panki, kama Maximum Rocknroll la San Francisco lililoanza 1982, yenye kurasa za kutaja vijarida vidogo pamoja na bei na anwani, mtu wa Ohio anaona, anakunja dola moja ndani ya karatasi anaituma, wiki mbili baadae kijarida kinafika. Au mnabadilishana, nitumie chako nikutumie changu. Kwa kifupi msomaji wako wa kwanza ni mtu ambae hamjawahi kuonana, hajui shule yako wala kanisa lako, na hawezi kumpigia shangazi yako simu.

Waliokua vijana miaka ya themanini na tisini huku kwetu wanaijua hali hii vizuri, tulikua na marafiki wa kalamu. Picha ndogo kwenye gazeti, jina, umri, anayopenda ni kusoma, kusikiliza muziki, kubadilishana mawazo, na anwani ya S.L.P. Mtu alikua anamwandikia mgeni wa mkoa mwingine mambo ambayo mama yake mzazi hajawahi kuyasikia. Hakua anamchukia mama, alikua anafanya mazoezi ya kusema. Ukishalisema jambo kwa mtu wa mbali mara tano, kumi, ukaona mbingu haijaanguka, ulimi unazoea.

Ndo maana naupa uzito ule mwanzo wa Green Day. Mtu anaweza kusema ulikua utoto tu, mapenzi ya bendi, halafu akakua akaanza kuandika mambo ya maana. Hapana. Bendi ilikua kifuniko, na ni kifuniko alichokichagua vizuri mno. Kwanza kijarida cha bendi hata kikiokotwa na mtu wa nyumbani ni kijarida cha bendi, binti anapenda makelele, basi. Pili, kiongozi wa ile bendi, Billie Joe Armstrong, mwaka 1995 aliliambia jarida la mashoga na wasagaji la The Advocate kwamba anavutiwa na wanaume na wanawake. Fikiria hiyo habari inamfikaje mtoto aliyejifungia chumbani. Anachora uso wa mtu anayempenda kama msanii na palepale anachora uthibitisho kwamba hayuko peke yake duniani, na hakuna mtu sebuleni anayejua kwamba hiyo ni michoro miwili.

Halafu matoleo yakawa yanaenda na kile kifuniko kinapungua. Greenzine ikaanza kuongelea kuwa Mkuba, mwili, ukatili unaowapata wasichana, mapenzi, siasa. Neno analojiita yeye ni queer, yaani mtu ambae mapenzi yake au jinsia yake haifuati kawaida iliyozoeleka, wanaharakati wa Nairobi na Kampala wana neno lao, kuchu, na amelitumia neno lake bila kuomba radhi. Lakini hakufika hapo kwa siku moja, alifika toleo kwa toleo, na huo mwendo ni jambo ambalo kitabu cha mchapishaji kisingempa. Kitabu kinadai uwe umeshajijua. Kijarida kinakubali leo useme hivi, toleo lijalo useme nilikosea, na toleo la zamani lipo kwenye droo ya mtu huko mbali huwezi kulirudisha wala hulihitaji.

Kuna upande mwingine nao haukua rahisi, panki yenyewe. Nyumbani alikua mgeni kwa sababu ya moyo wake, kwenye panki alikua mgeni kwa sababu ya nyumbani kwao. Sura ya panki inayouzwa duniani ni kijana mzungu mwenye gitaa, na hata lile vuguvugu la wasichana la riot grrrl lililoanzia Olympia, Washington, mwaka 1991, ambalo ndo lilifungua mlango wa vijarida vya wasichana kuandika mambo yao ya ndani, lililaumiwa sana na wasichana wasio wazungu kwamba likisema wasichana linamaanisha wasichana fulani. Mwaka 1997 Mimi Thi Nguyen alikusanya sauti hizo kwenye kijarida alichokiita Evolution of a Race Riot na mpaka leo ni moja ya kazi muhimu zaidi kuhusu jambo hilo. Na tusisahau kwamba Walatino walikuwepo kwenye panki tangu asubuhi, Alice Bag, mtoto wa wahamiaji wa Meksiko kutoka East Los Angeles, alikua jukwaani 1977, na Chicago mwaka 1991 ilianza Los Crudos, Martín Sorrondeguy akiimba kwa Kihispania, na yeye mwenyewe ni shoga na hakuficha. Walikuwepo, ila walikua hawahesabiwi.

Road alipoingia hapo hakuchagua upande. Hiki ndo ninachokipenda zaidi kwenye michoro yake. Kijana mwingine angeweza kusema Ukuba umenibana, nauacha, panki ni kabila langu jipya. Yeye akawachora watu wake kwa miili yao, wanawake wanene, ngozi za kahawia, nywele za kwapani, midomo mikubwa, machozi na kamasi na mate, mitaa michafu yenye maua, na anawachora kwa upendo wa mtu anayechora ndugu zake. Hakuna anayepunguzwa unene ili apendeze. Nikiziangalia naona anakataa mara mbili kwa kalamu moja, anawakatalia wazungu wa panki wanaotaka awe kama wao na anaikatalia ile picha ya msichana wa heshima. Alivyofanikiwa kuvikataa vyote viwili bila kumtukana bibi wa mtu ndo ufundi wenyewe.

Vitabu vilikuja baadae na hapa sitakaa sana. 2006 alitoa Indestructible, kuhusu ujana wake Miami, kwa wachapishaji wadogo Microcosm wa Portland waliotokana na ulimwengu huohuo wa vijarida. 2008 ikaja Bad Habits, kuhusu maisha ya Brooklyn, New York, mapenzi yaliyoumiza na mtu anayejiokota. 2012 The Feminist Press ya New York ikatoa Spit and Passion. Katikati ya hapo anapiga gitaa na kuimba kwenye bendi, The Homewreckers kwanza, Choked Up baadae, na anachora mabango ya maandamano na ya shoo. Ngazi ingekua ya kweli basi baada ya mchapishaji wa New York usingerudi chini. Lakini kazi yake kubwa iliyofuata, karata za tarot, zile za kupigia ramli, alizoziita Next World Tarot, kadi 78, alizichora kwa miaka kadhaa na akachangisha pesa za kuzichapa kwa wasomaji wake wenyewe kupitia Kickstarter, mtandao wa kuchangisha pesa, kabla ya wachapishaji wa Silver Sprocket kuzichukua. Yaani ni ileile dola iliyokunjwa kwenye karatasi, njia tu ndo imebadilika. Kwenye kadi zile wafalme na malkia wa zamani hawapo, wapo watu wa mtaani, weusi, Walatino, walemavu, kuchu, wanaharakati, wamekaa kwenye viti vya enzi kwenye paa za nyumba na vituo vya treni.

Nimeiacha Spit and Passion kwa makusudi. Hicho ndo kitabu kinachorudi kwenye ile miaka 12, chumba kile, bendi ile, nyumba ile ya Kikatoliki. Wanaoandika kumbukumbu za namna hii karibu wote wanazijenga kuelekea siku ya kutoka hadharani, mlango unafunguliwa, machozi, mwisho. Road hakufanya hivo. Amekichora kile chumba cha siri kama mahali pa kupumua, pa kukua kwa kasi yako, kitoto kimejifunika na vipokea sauti masikioni na ndani ya hilo giza kinatengeneza mtu. Wapo waliosoma wakaona anawafundisha watoto kujificha. Mimi nimekulia kwenye lugha ambayo mtu akikutakia mema anakwambia Mungu akusitiri, kwa hiyo sikushangaa hata kidogo, nilimwelewa kama vile kaandika Kiswahili. Kusitiriwa sio kudanganya, ni kupewa muda.

Ila nina wasiwasi mmoja na nitausema maana nampenda mwandishi huyu na sitaki kumpamba. Stara inafaa pale ambapo una njia ya pembeni. Yeye alikua na posta inayofanya kazi, mashine ya kopi, dola za stempu, na watu wa mbali waliokua wanajibu. Ukimpa mtoto giza lilelile bila barua yoyote inayorudi, hicho sio chumba cha kupumua, ni shimo. Nilipokua pale dukani yupo kijana mmoja wa vile viganja alikuja mara tatu, mashairi, nadhani, sikusoma, mara ya nne hakuja na sikumwona tena, na mpaka leo sijui kama alipata mtu wa kumtumia zile kopi. Kitabu cha Road hakigusi sana upande huo kwa sababu ni kisa chake na kisa chake kilijibiwa. Sio kosa lake, ila msomaji wa kwetu asome akijua hivo.

Jambo la mwisho ni muda. Alikua na miaka 12 kisa kinapotokea na ana miaka 30 kinapotoka kitabuni. Miaka 18, matoleo yote yale ya Greenzine, vitabu viwili kabla, bendi, miji, ndo akafika kuchora lile ambalo toleo la kwanza lilikua linalifunika. Wakati huo hakua tena anahitaji kifuniko, angeweza kuiondoa Green Day akabaki na binti na familia, na mhariri mwingine angeshauri hivo hasa. Fungua kitabu uone. Wale vijana watatu bado wamo, ukurasa baada ya ukurasa, kachora nyuso zao kwa uangalifu uleule wa mtoto anayemwogopa na kumpenda mtu kwa pamoja.